Gari Likiwa Baharini: Nilivyojifunza Kuisoma Safari ya Meli

Aliyeagiza gari jipya kutoka ng'ambo hafuatilii gari. Anafuatilia meli. Nalisema hili mapema kwa sababu mambo mengi yanayowachosha watu katika wiki zile za kungoja huanzia hapo: mtu anataka kujua gari lake liko wapi usiku huu, na gari lenyewe halina namna ya kumjibu. Gari jipya husafirishwa vitu vyake vingi vya umeme vikiwa vimezimwa ili betri isife njiani, nalo limefungiwa ndani ya meli ya chuma yenye sitaha kumi na kitu. Ile programu ya simu ya mtengenezaji, inayokuonyesha gari lako lilipoegeshwa, haitakuonyesha kitu mpaka gari lishuke na kuamshwa. Anayezungumza baharini ni meli, na kinachoiunganisha meli na gari lako ni karatasi.

Haya niliyajua nikilingoja gari nililoagiza kiwandani, lililopakiwa Nagoya, Japani. Tangu hapo nimekaa na ndugu na marafiki kadhaa nikiwasomea safari za magari yao, na nimeona wote wanauliza maswali yaleyale, wanapata wasiwasi katika siku zilezile, na wanafarijika wakishaelewa kitu kimoja: taarifa tunazoziona kuhusu meli hazina uzito sawa. Nyingine imetamkwa na chombo, nyingine imeandikwa na mkono wa mtu, na nyingine imekisiwa na kompyuta. Ukijua ipi ni ipi, unangoja kwa utulivu zaidi, na likitokea jambo la kushughulikia unalishughulikia kwa wakati.

Kabla ya meli kuna namba. Mwanzoni unapewa namba ya oda tu, na hiyo ni ya muuzaji, bandarini hawaijui. Namba ya kushika ni ya chesisi, ile yenye herufi na tarakimu 17. Ndani yake hutakuta I, O wala Q, kwa kuwa ziliondolewa makusudi zisichanganywe na 1 na 0. Basi ukitumiwa namba yenye O, ujue kuna aliyeinakili vibaya, umwombe airudie kutoka kwenye hati yenyewe. Alama tatu za mwanzo humtambulisha mtengenezaji. Tarakimu za mwisho ni za mfululizo, na ndizo zinazolitenga gari lako na mengine yaliyotoka kiwandani siku ileile yakiwa na rangi ileile. (Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yana namba fupi zaidi, yenye kistari katikati, kwa hiyo kutotimia 17 si lazima iwe kasoro.) Namba hii mimi niliiandika mahali pamoja, nikawa nainakili kutoka hapo kila nilipowasiliana na mtu yeyote. Herufi moja ikipotea kwenye barua pepe, inaweza kuibuka tena kwenye hati za forodha, na huko kuirekebisha ni kazi ya siku nyingi.

Kisha huja kipindi ambacho hakuna cha kuona. Gari limetoka kiwandani, limefika kwenye uwanja wa bandari, limepangwa mstari mmoja na mengine mengi, na limetulia. Ukiambiwa "limefika bandarini" usidhani limepakiwa. Meli za magari huja kwa ratiba, na anayepanga shehena huangalia ni magari mangapi yanakwenda bandari ipi, urefu wao, uzito wao, na yatakayoshuka kwanza yakae wapi. Gari linaweza kupangiwa meli ya wiki hii kisha likasogezwa hadi ya wiki ijayo bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Kuna jambo moja hapa ambalo watu wengi hulifurahia wakilisikia: ukubwa wa meli hizi hutajwa kwa idadi ya magari, na gari la kupimia ni Toyota Corona ya mwaka 1966. Meli inayotajwa kuwa ya magari 6,500 ina nafasi ya Corona 6,500 za wakati ule. Magari ya leo ni marefu na mapana zaidi, basi usije ukahesabu nafasi iliyobaki kwa kuitazama namba hiyo kwenye tovuti.

Upakiaji wenyewe ni kazi ya watu. Madereva wa bandarini huyaendesha magari moja baada ya jingine kupitia daraja lililoshushwa nyuma au ubavuni mwa meli, wakayaegesha kwa kubanana kiasi kwamba vioo vya pembeni hukunjwa, halafu wenzao huyafunga kwa mikanda kwenye matundu ya sitaha. Mikanda hiyo ndiyo inayolishika gari lako meli inapolala huku na huku kwenye mawimbi. Kila nikiliwaza hilo najisikia kuwashukuru watu ambao sitawaona kamwe.

Siku niliyopewa jina la meli nilifungua ramani ya meli kwenye intaneti, nikaandika jina, na zikaja meli zaidi ya moja. Hili litampata karibu kila mtu. Jina la meli si kitambulisho. Meli huuzwa ikabadilishwa jina, na meli mbili za bendera tofauti zinaweza kuitwa jina moja. Tena kampuni za meli za magari zina desturi ya kuzipa meli zao majina ya ukoo mmoja: za MOL huishia na Ace, za NYK huishia na Leader, za K Line huishia na Highway. Ukisahau neno la kwanza, au ukilisikia vibaya kwenye simu, utajikuta unaifuata meli ya watu wengine kuelekea pande nyingine kabisa za dunia.

Dawa yake ni namba ya IMO, yaani namba ya Shirika la Bahari Duniani. Ina tarakimu 7, hupewa meli mara moja tu na hubaki nayo mpaka ivunjwe, hata ikibadilisha jina, mwenye mali na bendera mara ngapi. Namba nyingine utakayoiona, MMSI, ina tarakimu 9 na ni ya mawasiliano ya redio. Hiyo hufuata bendera, hivyo meli ikihamia bendera nyingine nayo hubadilika. Namba ya IMO inajihakiki yenyewe. Chukua tarakimu sita za mwanzo, ya kwanza uizidishe kwa 7, ya pili kwa 6, ya tatu kwa 5, endelea hivyo hadi ya sita kwa 2, kisha jumlisha. Tarakimu ya mwisho ya jumla hiyo lazima ifanane na tarakimu ya saba ya namba. Kwa mfano 9074729: jumla ni 139, na namba inaishia na 9. Niliyotumiwa mimi ilikubali, nikaihifadhi, na tangu hapo sikutafuta tena kwa jina.

Sasa tufike kwenye ramani yenyewe, maana hapa ndipo penye utajiri na ndipo penye mitego.

Alama unayoiona ikisogea kwenye ramani inatokana na mtambo uitwao AIS. Haukutengenezwa kwa ajili yetu sisi tunaongoja magari. Ulitengenezwa ili meli zionane na zisigongane, na ili walinzi wa pwani wajue nani anapita. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, uliutaka uwe umefungwa ifikapo mwisho wa mwaka 2004 kwenye meli zote za safari za kimataifa zenye ukubwa wa tani 300 na zaidi, na kwenye meli zote za abiria. Meli ikiwa mwendoni, mtambo hutangaza kwa redio kila baada ya sekunde 2 hadi 10: niko hapa, nakwenda kasi hii, naelekea upande huu. Ikiwa imetia nanga au imefungwa gatini hutangaza kila baada ya dakika 3. Hayo matatu, mahali, kasi na mwelekeo, yanatoka kwenye vyombo vya meli bila mtu kuyaandika. Ndiyo taarifa ya kuaminiwa kuliko zote, na ndiyo nilijizoeza kuitazama kwanza.

Lakini redio hiyo ni ya masafa mafupi. Mnara wa pwani huisikia meli ikiwa umbali wa makumi kadhaa ya maili za baharini, si zaidi sana. Meli ikishaiacha Japani nyuma na kuingia maji makuu, minara haiisikii tena. Zipo setilaiti zinazozisikia meli kutoka angani, ila tovuti nyingi hutoza pesa kwa taarifa za setilaiti. Kwa anayetazama bure, alama husimama mahali pamoja, chini yake pakaandikwa saa ya mwisho meli iliposikika, na saa hiyo ikazidi kuwa ya zamani. Huu ndio wakati ambao simu yangu huita kuliko wakati mwingine wowote. "Meli imesimama katikati ya bahari!" Haijasimama. Tazama kasi iliyoandikwa kwenye taarifa ya mwisho: kama ni maili 17 za baharini kwa saa, meli ilikuwa inakwenda ilipotoka kwenye masikio ya minara, na ndivyo inavyoendelea. Kwa kasi hiyo inakata maili 408 kwa siku, takriban kilomita 755. Chukua ramani, pima kutoka pale ilipoonekana mara ya mwisho, na utajua yapata wapi ilipo leo kwa uhakika wa kutosha kukufanya ulale.

Niliipenda kazi hiyo ya kupima. Ilinifanya niijue njia. Kutoka Nagoya meli hushuka kusini-magharibi, huiacha Taiwani, huingia Bahari ya China Kusini, na baada ya takriban wiki moja hutokea Singapore, mahali ambapo alama za meli kwenye ramani zimejazana hata huwezi kuziona rangi. Kati ya Julai na Oktoba njia hiyo ina tufani za Pasifiki, na ukiona meli yako imepinda ghafla kuelekea usipotarajia, fungua kwanza taarifa za hali ya hewa. Nahodha anayezunguka tufani anakutunzia gari lako pamoja na roho za watu wake. Vivyo hivyo Bahari ya Hindi kati ya Juni na Septemba, kusi likiwa limeshika: kasi hupungua, na siku huongezeka.

Aina ya pili ya taarifa ni ile iliyoandikwa kwa mkono. Afisa wa zamu kwenye daraja la uongozi la meli ndiye anayeingiza bandari meli inakokwenda, siku na saa inayotarajiwa kufika, kina ambacho meli imezama majini, na hali yake: iko mwendoni, imetia nanga, imefungwa gatini. Mtu huyo ana kazi nyingine nyingi na nzito, na akisahau kubadilisha, mtambo utaendelea kutangaza la jana. Nimeona meli iliyoandikwa "imetia nanga" ikiwa inakata maji kwa kasi ya maili 16 kwa saa. Nimeona meli iliyoandikwa inakwenda bandari ambayo imeshaiacha. Katika hali hizo amini kasi, usiamini maandishi. Bandari mara nyingi huandikwa kwa kifupi cha herufi tano: mbili za nchi na tatu za mji, mathalani JPNGO ni Nagoya, SGSIN ni Singapore, ZADUR ni Durban, BEZEE ni Zeebrugge. Saa nazo ni za UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, kwa hiyo kabla ya kulalamika kwamba meli imechelewa, igeuze saa hiyo iwe ya mahali ulipo.

Na kumbuka kwamba bandari iliyoandikwa ni ile inayofuata, si ile ya mwisho. Meli ya magari hupita bandari nyingi kama basi linavyopita vituo, ikishusha na kupakia. Ndiyo maana mtu huona meli yake imeelekea nchi isiyomhusu akaanza kuhangaika, kumbe ndiyo ratiba yenyewe. Tafuta ratiba ya safari hiyo kwa kampuni ya meli, kwa kutumia jina la meli pamoja na namba ya safari. Namba ya safari ni muhimu sana, kwa sababu meli ileile hurudi njia ileile mara kadhaa kwa mwaka, na ukisoma ratiba ya safari isiyo yako tarehe zote zitakupotosha.

Aina ya tatu ni makisio. Tovuti hukuchorea mstari wa vidoto mbele ya meli na kukupa tarehe ya kufika iliyopigwa hesabu na kompyuta. Ni msaada, ila kompyuta haijui kwamba gati lina foleni, wala kwamba nahodha ameambiwa apunguze mwendo kwa kuwa hana nafasi ya kufunga. Mimi naisoma tarehe hiyo kama mwanzo wa dirisha la siku kadhaa. Sipangi chochote kisichoweza kusogezwa kwa kuitegemea.

Miaka ya karibuni imetufundisha kwamba hata njia yenyewe inaweza kubadilika. Mwezi Machi 2021 meli ya makontena Ever Given ilikwama kwenye Mfereji wa Suez kwa siku sita, na mamia ya meli zikapanga foleni pande zote mbili. Mwaka 2023 ukame ulipunguza maji ya Ziwa Gatun, na Mfereji wa Panama ukapunguza idadi ya meli zinazopita kwa siku. Kisha tarehe 19 Novemba 2023 Wahouthi waliiteka Galaxy Leader katika Bahari ya Shamu, na hiyo ilikuwa meli ya magari hasa. Mabaharia wake 25 walishikiliwa zaidi ya mwaka, wakaachiwa Januari 2025. Baada ya tukio hilo na mashambulizi yaliyofuata, meli nyingi zilizokuwa zikipita Suez ziligeukia Rasi ya Tumaini Jema, na safari kati ya Asia na Ulaya kaskazini ikaongezeka kwa siku kumi hivi. Anayengoja gari kwenye njia hiyo alipaswa kuitazama meli yake ikivuka Bahari ya Hindi: ikielekea lango la Bahari ya Shamu ni tarehe moja, ikiteremka kusini ni tarehe nyingine kabisa.

Siku hizo pia hata taarifa ya chombo, niliyosema ni ya kuaminiwa, ilipata doa. Meli zilizopita Bahari ya Shamu nyingine zilizima mtambo kwa hofu, nyingine zikaandika kwenye nafasi ya bandari kwamba zina walinzi wenye silaha. Mashariki ya Bahari ya Kati mawimbi ya GPS yalivurugwa, na meli zikaonekana kwenye ramani zikiwa zimesimama katika uwanja wa ndege wa Beirut. Ukiiona meli nchi kavu, au imeruka maili mia kwa dakika chache, hicho ndicho unachokiona. Subiri ivuke eneo hilo.

Jambo lililonifunza zaidi, hata hivyo, halikutokea kwenye maji. Lilitokea Singapore. Meli ilifunga gatini, ikakaa muda mfupi, ikaondoka, na mimi nikaendelea kuifuata kwa furaha ikikata kuelekea magharibi. Gari langu halikuwamo tena. Lilikuwa limeshushwa pale lingojee meli nyingine, kwa sababu ile ya kwanza haikuwa na ratiba ya kufika bandari yetu. Hili ni jambo la kawaida kabisa. Magari mengi hubadilishiwa meli njiani kwenye bandari kubwa za aina hiyo, na kungoja meli ya pili kunaweza kuchukua siku chache au wiki kadhaa. Ramani haikuambii, maana ramani inajua meli tu.

Niliyepata kwake ukweli ni mama mmoja anayeshughulikia hati katika ofisi ya wakala wa meli. Nilimpigia nikimweleza kasi na mwelekeo, akanisikiliza hadi mwisho, akasema: "Ndugu yangu, meli waachie manahodha. Wewe nisomee hati yako ya shehena." Hati ya shehena, ambayo watu wa bandarini huiita BL, ndiyo inayotaja namba ya chesisi, bandari ya kupakia, bandari ya kushushia, jina la meli na namba ya safari. Alinionyesha kuwa bandari ya mwisho iliyoandikwa ni yetu, kwamba kampuni ya meli ndiyo yenye jukumu la kulifikisha gari hadi hapo kwa meli yoyote itakayoipanga, na kwamba swali la kumuuliza wakala haliwi "meli iko wapi?" bali "chesisi hii ipo kwenye orodha ya meli gani na safari namba ngapi?" Swali hilo lina jibu. Tangu siku ile nimelitumia mara nyingi kwa niaba ya wengine, na kila mara limefupisha mazungumzo.

Kwa hiyo ninachowashauri watu ni hiki: mara gari linapopakiwa, ombeni nakala ya hati ya shehena na kuisoma neno kwa neno. Jina la mpokeaji liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho chako. Chesisi ilingane. Kwa kawaida hutolewa nakala halisi tatu, na moja ya hizo ndiyo inayokomboa mzigo, isipokuwa zikirudishwa huko zilikotoka na kampuni ya meli ikaruhusu gari litolewe bila karatasi halisi. Nimewahi kuona gari limefika salama, limeshuka salama, likakaa uwanjani likila gharama za kuhifadhiwa kwa sababu hati halisi zilikuwa bado zinasafiri kwa posta. Meli ilikuwa imefuatiliwa kila siku. Bahasha haikufuatiliwa.

Kuna hofu ambayo watu huniuliza kwa sauti ya chini, na naona ni haki kuijibu. Je, meli huungua? Huungua. Felicity Ace ilishika moto karibu na visiwa vya Azores tarehe 16 Februari 2022 ikiwa na magari yapata 4,000, ikazama tarehe 1 Machi. Mabaharia wake wote 22 waliokolewa. Fremantle Highway iliungua nje ya pwani ya Uholanzi Julai 2023, na huko baharia mmoja alipoteza maisha. Juni 2025 Morning Midas iliungua kusini mwa Alaska ikiwa na magari yapata 3,000, nayo ikazama. Safari nyingi sana hufika bila tukio, lakini haya yametokea, na mwenye gari anapaswa kujua mambo mawili kabla meli haijang'oa nanga. La kwanza, nani ana bima ya gari likiwa baharini, na inaishia wapi: gatini, uwanjani, au mlangoni kwako. La pili, kuna kanuni ya kale ya bahari inayosema kwamba nahodha akiipoteza kwa makusudi sehemu ya mali au akiingia gharama zisizo za kawaida ili kuiokoa meli yote, wote wenye mali ndani yake wanachangia hasara hiyo, hata yule ambaye gari lake halikuguswa. Gari linaweza kuzuiwa mpaka dhamana ya mchango huo itolewe. Bima ya shehena kwa kawaida hubeba mzigo huo. Asiye nayo hutoa mfukoni mwake.

Meli ya pili ilipokaribia, ilitia nanga nje ya bandari. Hapa napo watu huumia sana, kwa sababu umbali ni mdogo na unaweza kuona alama ya meli imegusana na mji. Kutia nanga nje ni kungoja zamu ya gati, rubani wa bandari, maji kujaa, au wakaguzi. Nchi nyingine zina ukaguzi mkali wa wadudu na mbegu: Australia na New Zealand huwa macho dhidi ya kunguni mmoja wa kunuka anayejificha ndani ya magari wakati wa baridi ya kaskazini, na Februari 2018 New Zealand ilizigeuza meli kadhaa za magari kwa ajili yake. Wakati huo wa nanga mimi niliutumia kuhakikisha wakala wa forodha ana kila karatasi mkononi, ili siku za bure za kuhifadhi gari uwanjani zisianze kuliwa na jambo ambalo lingemalizwa mapema.

Meli ikifunga gatini, kazi ya ramani imekwisha. Funga tovuti. Meli hizi hushusha haraka, mara nyingi huondoka siku hiyohiyo au inayofuata, na alama ikianza kusogea tena wapo wanaoshtuka kwamba imeondoka na gari lao. Uliza swali lilelile la mama yule: chesisi hii ipo kwenye orodha ya yaliyoshushwa?

Ikiwepo, nenda ukalitazame gari mchana, kwa mwanga wa jua, kabla ya kutia sahihi. Linganisha namba ya chesisi ya kwenye hati na ile iliyogongwa kwenye chuma cha gari, alama kwa alama. Zunguka taratibu: bampa, kingo za milango, vioo, ringi, paa. Pale mikanda ilipofungwa chini, inama utazame. Piga picha. Ukiona mkwaruzo, uandikwe kwenye karatasi ya makabidhiano pale pale, na karatasi hiyo itiwe sahihi na pande zote mbili. Chini ya Kanuni za Hague-Visby, ambazo nchi nyingi hufuata, uharibifu unaoonekana unapaswa kuarifiwa kwa maandishi kabla au wakati wa kukabidhiwa mzigo, na usioonekana kwa macho ndani ya siku tatu. Ukinyamaza, huhesabika kwamba umepokea mzigo ukiwa kama ulivyoelezwa kwenye hati ya shehena, na mzigo wa kuthibitisha vinginevyo unakuwa wako. Kufungua kesi dhidi ya msafirishaji kuna mwaka mmoja tangu siku ya kukabidhiwa. Langu lilikuwa na alama ndogo chini ya bampa ya nyuma. Niliiandika, mlinzi wa uwanja akaitazama kwa tochi, akatia sahihi yake kando ya yangu, nikapewa ufunguo.